Somo na Mke Mwenzake wa Tumboni

Kabla Somo hajafika kwako, udi wake ulikuwa umeshafika, umeshakaa, umeshaagiza chai. Ndivyo tulivyomjua mtaani kwetu Dunda. Mie nipo kibarazani nakaanga bagia, moshi wa kuni machoni, mafuta yananirukia mikononi, mara pua inaniambia: vuta kanga vizuri, anakuja. Kweli, haupiti muda, huyo anatokea kwenye kona, mrefu, mweusi wa kung'aa, kibwebwe cha kanga kimekaza kiunoni kama anakwenda vitani.

Jina analo, na zuri tu, ila halitumiki. Kwa asiyejua mambo ya kwetu pwani, somo ni yule mwanamke anayepewa binti anayetaka kuolewa. Anafungiwa naye chumbani, anamsugua mwili kwa singo ya manukato, anamfundisha usafi, anamfundisha mwili wake, anamfundisha kuishi na mume. Binti ndo mwari. Ukishakuwa mwari wake, yule ni Somo wako mpaka unaingia kaburini, hata uwe na vitukuu.

Mie ni mwari wake, tena mwari wake mbovu kuliko wote. Hilo analisema mwenyewe mbele za watu. Shuleni niliishia kidato cha pili, na chumbani kwa Somo nadhani niliishia hapohapo, maana kila akianza kunifundisha jambo la maana mie naangua kicheko.

"Wewe Bonge," aliniambia siku moja, "Mungu kakupa mwili wa watu wawili na akili ya nusu mtu."

"Nusu ipi, Somo, ya juu au ya chini?"

Akanipiga kata ya maji kichwani. Ndo mahari ya kwanza niliyopokea.

Alikuwa na maneno yake. Lile alilolipenda kuliko yote ni hili: "Mwili hauna aibu. Aibu mwachie mwizi." Alilisema ukianza kujifunikafunika wakati wa kusuguliwa. Alilisema kwa wazazi wapya, kwa vikongwe, hadi kwa mume wangu siku aliposhikwa na tumbo la kuhara kwenye shughuli ya watu. Na alikuwa mkali wa harufu. Mafuta ya nazi asubuhi na jioni, mwili mzima. Asumini kwenye nywele. Halafu anasimama juu ya chetezo, kaachia kanga mpaka chini, moshi wa udi unampanda kutoka miguuni. Akimaliza hapo, hata nzi wakimkaribia wanapiga hodi.

Sasa msije mkadhani nawachorea malaika. Somo huyuhuyu aliyetufundisha kuvumilia ndoa aliacha waume watatu. Wa mwisho alimletea mke wa pili. Somo hakupiga kelele, hakulia. Alifungasha nguo, akazipanga vizuri, akazipulizia marashi. Mume akauliza, "Unakwenda wapi?" Akamjibu, "Mie siendi popote. Hizi ni zako." Alitufundisha kusema na mume kwa sauti ya chini, na yake yeye akimwita muuza samaki, aliyeko forodhani anageuka. Na alikuwa haambiliki. Umwambie aende hospitali? Alikuwa na habasoda, karafuu na mlonge, na kila ugonjwa ulikuwa lazima uchague kimojawapo.

Ndo maana tumbo lilimtesa muda mrefu bila sisi kujua. Anakwenda chooni hapati. Akipata, damu. Akanywa habasoda. Akanywa mlonge. Mwili ukapungua, kibwebwe kikawa kinazunguka mara nyingi zaidi kiunoni, na sisi wajinga tunamsifu: "Somo, umerudi usichana!" Mpaka siku tumbo lilipojaa likawa kama ngoma, tukambeba kwenda naye Dar. Wakampasua, wakatoa uvimbe kwenye utumbo mpana. Na kwa vile ulivyokaa vibaya, hawakuweza kumrudishia njia yake ya zamani ya choo. Wakamtengenezea nyingine ubavuni kushoto, na juu yake wakabandika mfuko. Daktari akamwambia huo ni wa maisha.

Akarudi Dunda. Udi haukurudi.

Mlango ukawa umefungwa. Watu wanapita, "Hodi Somo," anajibu kutoka ndani, "Nimelala." Saa nne asubuhi kalala, saa kumi kalala. Mtaani swali likawa moja tu, linaulizwa kisimani, linaulizwa kwenye bagia zangu: Somo atarudi chumbani kwa wari, au ndo basi tena? Wengine waliuliza kwa huruma. Wengine, Mungu awasamehe, waliuliza huku wameshika pua.

Mie ni jirani wa ukuta kwa ukuta, na siijui maana ya mlango uliofungwa. Nikawa nampelekea uji. Siku moja nimeingia nikamkuta anabadilisha mfuko, hakunisikia. Nikakiona hicho kitundu. Mie, mtu niliyefanya utani hadi kwenye matanga ya mkwe wangu, nikakosa neno. Bakuli mkononi, mdomo wazi.

"Sema basi," akasema, hanitazami. "Leo umekuwa bubu?"

"Somo," nikasema, "chekundu kama mdomo wa mtoto aliyekula ubuyu."

Nikajua nimeharibu. Halafu akainama akajitazama, muda mrefu, kama anaona kwa mara ya kwanza.

"Ubuyu wa Unguja," akasema, "au huu wa hapa kwetu?"

Ndo siku hiyo aliponiambia jina alilokipa. Mke mwenzangu. "Maisha yangu yote nilikataa uke wenza," alisema. "Mungu kacheka. Kaniletea mmoja, kamlaza palepale tumboni, talaka hakuna." Tangu hapo habari zikawa hizo. Leo mke mwenzangu kanuna. Leo mke mwenzangu kaamka mapema. Usinipe kunde, mke mwenzangu akila kunde anaimba.

Lakini walipatana kwa tabu, na tabu yenyewe aliitaka. Somo alikuja kutoka hospitali na maelekezo, akayaweka pembeni, akafanya kama anavyofanya siku zote. Akajipaka mafuta ya nazi mwili mzima, na pale akazidisha, maana ngozi ilikuwa imechubuka na yeye anajua dawa ya ngozi ni mafuta. Akabandika mfuko. Ukashika mpaka aliposimama. Akabandika mwingine, ukamwachia akiwa jikoni. Akaniita, "Bonge, hii mifuko waliyonipa ni mibovu." Nikaishika, nikaibonyeza, nikasema ndiyo, mibovu kabisa, huenda imepigwa na jua njiani. Wataalamu wawili hao.

Basi, mifuko ikiwa inaachia, harufu ipo. Kwa Somo harufu ina dawa moja. Akawasha makaa, akatia udi, akasimama juu ya chetezo kama zamani, kanga mpaka chini. Nilikuwa nje nikasikia, "Mwee!" Nikaingia mbio. Joto lilikuwa limelainisha gundi yote. Mfuko ulikuwa kwenye chetezo, unaungua pamoja na udi wa watu. Harufu yake siielezi. Nitasema tu kwamba majirani walidhani mie nimebadilisha mafuta ya bagia.

Siku hiyo Somo alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipozika watu wake. "Nimefundisha watoto wa watu kunukia," alisema, "na mie mwenyewe siwezi."

Nikampakia kwenye bajaji mpaka hospitali ya hapa kwetu. Nesi wa kule ni binti mdogo kutoka bara, Kiswahili chake kinakwenda mbio kama kina basi la kuwahi. Akamwangalia ile ngozi, akauliza, "Bibi, umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya nazi."

"Nani kakuambia?"

Niliinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza Somo "nani kakuambia" akabaki na meno. Lakini siku hiyo meno yalibaki. Yule binti akanawa mikono, akavuta kiti, akaanza. Maji ya vuguvugu, basi. Kausha, usisugue. Mafuta hapana. Poda yenye marashi hapana. Kata tundu la mfuko likutoshe, lisizidi. Bandika, weka kiganja juu, subiri ushike. Usiache ujae, mwaga mapema. Akamwambia, "Sasa fanya wewe, nikuone." Somo akafanya. "Bado. Rudia." Akarudia.

Tulipotoka nje akasimama kwenye kivuli, akanigeukia. "Umeona? Uzeeni nimekuwa mwari. Na somo wangu hata hajatoboa masikio."

Mengine alijifunza polepole. Kibwebwe cha kiunoni kikahama, akawa anafunga juu, chini ya matiti, na dera pana. Kunde na maharage akayapa siku zake, siku asizotarajia mgeni. Kwenye swala ndo alikuwa ameumia zaidi. Alikuwa ameacha kabisa, kwa kujiona ana najisi muda wote. Hakuuliza mtu, kwa aibu, yeye wa kumwachia mwizi. Mwisho nikamuulizia mie kwa maalimu wa mtaani, nikasingizia ni shangazi yangu wa Ubena. Maalimu akanambia mwenye udhuru wa namna hiyo atawadhe wakati wa kila swala ukiingia, asali, Mungu anajua alichomuumbia. Halafu akasema, "Msalimie Somo." Siri za Dunda hizo.

Basi akawa anasali, anakula, anacheka na mie. Ila hatoki. Na chumbani kwa wari hataki hata kusikia.

Hapo ndo akaja kuposwa binti yangu.

Nilimwendea na mkeka mpya na sinia la halua, kama inavyotakiwa. "Somo, nimekuletea mwari."

Akaisukuma halua. "Mtafute mwingine."

"Mwingine yupi? Wewe ndo somo wangu."

"Bonge, nisikilize. Mwari anasuguliwa, anafukizwa, anatiwa asumini, aondoke anang'aa. Halafu anayemfanyia hayo anabeba choo ubavuni? Wakwe wakijua watasema nini? Mtoto atakumbuka nini?"

"Si ulisema mwili hauna aibu, aibu tumwachie mwizi?"

Akanitazama. "Maneno yale niliyasema nikiwa na tumbo zima."

Nikarudi nyumbani na sinia langu, na ile halua nikaila njiani, huzuni hainizuii kula. Mashangazi wakataja somo wa mtaa wa pili. Binti yangu akakataa. "Namtaka Somo wa mama, au niende hivihivi." Siku zikawa zinakwisha, na mtoto anakwenda kwenye ndoa hajui hata liwa ya kujipaka inasagwa na nini.

Nikasema, basi, nitamfundisha mwenyewe.

Kwa asiyejua, hilo kwetu ni kama kula daku mchana. Mama mzazi hamfundishi bintiye mambo yale. Kuna bibi, kuna shangazi, kuna somo. Mama akae jikoni. Mashangazi waliposikia walishika vichwa. Lakini nikamwingiza mtoto kwenye chumba cha kando, kile kinachogusana na chumba cha Somo. Nyumba zetu hizi za zamani ukuta haufiki juu, unaishia chini ya makuti na sauti zinapita kama paka. Watu mpaka leo wanasema nilichagua chumba kile makusudi. Nawaacha waseme.

"Haya mwanangu," nikaanza, sauti ya kusikika. "Singo unasugua kutoka juu kwenda chini. Au chini kwenda juu. Nimesahau, wewe sugua tu."

Upande wa pili, mtu akakohoa.

"Udi unatia mwingi kwa mkupuo, moshi ujae, mume asikuone vizuri."

Kikohozi tena, kikavu.

"Na mume akikasirika, na wewe kasirika umzidi. Akinyamaza, mfuate nyuma umwambie mpaka aseme. Na siku ya kwanza ya ndoa, mwanangu, cha muhimu kuliko vyote ni kula ushibe, maana..."

"Muongo!"

Binti yangu akaruka. Mlango wa jirani ukafunguka, wa kwetu ukafunguka, na Somo akawa kasimama mbele yetu, dera la nyumbani, kichwa wazi, macho kama makaa. Mara ya kwanza kuvuka kizingiti kwa ajili ya mtu.

"Toka," akaniambia.

"Mie?"

"Mama mzazi chumbani kwa mwari! Unataka kumtia mtoto nuksi? Na uongo wote huo nilikufundisha mie? Toka, Bonge, kabla sijatafuta kata!"

Nikatoka. Nilivyo na adabu, nikazunguka nikaingia chumbani kwake yeye, nikakaa kitandani, nikatega sikio chini ya ukuta uleule.

Nilisikia maji. Nilisikia sauti yake ya kazini, ile ya chini, sijaisikia tangu nilipokuwa mwari mie. Anamwelekeza mtoto anyooshe mkono, ageuze shingo. Nikaanza kutabasamu peke yangu. Na hapo, kwenye ule utulivu, nikasikia kitu kingine. Sauti ndefu, kama mtu anachana kitambaa polepole.

Kusugua kukakoma.

Nikajua imekwisha. Nikajua sasa atafungua mlango, atarudi kwake, atanikuta kitandani kwake, na hatatoka tena.

"Umesikia?" Sauti ya Somo.

"Sijasikia kitu, Somo," binti yangu akasema.

"Umeanza uongo. Mwari hamdanganyi somo wake. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nini?"

"Upepo, Somo."

"Wa nani?"

"Wa... wa kwako, Somo."

"Si wangu. Ni wa mke mwenzangu. Sogea nikutambulishe."

Ya ndani zaidi siyasemi, ni ya chumbani. Nitasema haya mawili tu. Nilimsikia mtoto akiuliza, "Inauma?" na Somo akajibu, "Haiumi. Inawasha tu ukipaka mafuta kwa ujeuri. Haya, geuka, lete mgongo." Na baadaye, katikati ya kusugua, akampa somo ambalo mie sikupewa, wala hakuna mwari wa zamani aliyepewa. Alimwambia, "Leo ngozi yako imenyooka. Utazaa, utashonwa, utaugua, na yeye mume ataugua. Siku ile akikuona ulivyobadilika, usizime taa. Na siku ukimwona yeye, usigeuze uso. Hili sikuwa nalijua. Nimelijua juzi."

Nilikaa pale kitandani nikafuta macho kwa shuka lake. Hilo hajui mpaka leo.

Siku ya harusi, nikiwa jikoni nimelowa jasho, pua yangu ikaniambia vuta kanga vizuri. Nikadhani naota. Akaingia, dera jipya, kibwebwe juu chini ya matiti, udi umemzunguka. Nikamkimbilia, "Somo! Umesimama tena juu ya chetezo?"

"Mjinga ni wewe," akasema. "Nimefukiza nguo kwenye tenga, zimelala na moshi, asubuhi nimevaa. Mwili upoe, nguo zinukie. Mashetani gani yalinizuia kulifikiria hili?"

Tangu hapo wari hawakauki kwake. Kuna waliosusa, na waliosusa wamesahaulika.

Sasa niseme la juzi. Nilikuwa kwenye bagia zangu, udi ukafika, ukakaa. Nyuma yake Somo, na nyuma ya Somo bajaji inanguruma. Yule nesi alikuwa amempigia simu. Kuna mwanamke huko Makurunge, mdogo, katoka kupasuliwa kama yeye, kajifungia, hali chakula, hataki hata mumewe aingie.

"Zima moto," akaniambia. "Twende."

"Mie nakwenda kufanya nini, Somo?"

"Mtu akikuona wewe anaacha kujihurumia. Panda."

Tulimkuta mume kakaa nje kwenye kinu kilicholazwa, macho mekundu. Akatuamkia, akaonyesha mlango. Somo akagonga, hakujibiwa, akaingia tu. Kwenye giza kule nikamwona mtu kajikunja, kaupa ukuta uso, kanga mpaka kichwani. Nilitaka kuingia nami. Somo akanizuia kwa kiganja kifuani.

"Wewe nje."

"Si umesema...?"

"Nje, Bonge. Haya si ya kila mtu."

Mlango ukafungwa. Nikakaa na yule mume kwenye kinu, kikalia kwa uzito wangu. Akauliza polepole, "Mama yule ni daktari?"

"Ni somo."

"Somo?" Akashangaa. "Mke wangu ana watoto wawili. Anakuja kufundishwa nini tena?"

Sijajibu, mlango ukafunguka kidogo. Mkono mrefu mweusi ukatoka, unanukia, na ile sauti inayomfikia muuza samaki:

"Leteni maji ya vuguvugu na kitambaa kikavu. Na mafuta msilete!"